Kitambaa kwenye mkia: kisa cha ndege ya bango, Hinton-in-the-Hedges, 6 Mei 2010

Alhamisi ya tarehe 6 Mei 2010, Waingereza walikuwa kwenye uchaguzi mkuu. Vituo vya kupigia kura vilifunguliwa saa moja asubuhi. Ilipokaribia saa mbili, kwenye kiwanja kidogo cha ndege kiitwacho Hinton-in-the-Hedges, jirani na mji wa Brackley katika kaunti ya Northamptonshire, ndege ndogo ya injini moja, iliyokuwa ikivuta bango la kampeni la kitambaa, ilianguka kwa pua. Ndani walikuwamo watu wawili, rubani na mgombea ubunge aliyeitwa Nigel Farage. Wote wawili walitolewa wakiwa hai.

Farage sasa anajulikana hata kwa msikilizaji wa redio wa Kigoma au Mombasa, kwa sababu ya kura ya Juni 2016 iliyoitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Siasa zake nitazigusa tu pale zinapoeleza kwa nini ndege iliruka asubuhi ile. Kilichonishika mimi ni ule mkia wa ndege na kile kitambaa. Nimesoma habari za ajali nyingi za ndege ndogo, na chache zinaonyesha wazi namna hii jinsi kifaa cha kujiokoa kinavyoweza kuwapo mkononi mwa rubani na kisimfae kitu.

Kwanza, kwa nini bango. Mwaka 2009 Farage aliacha uongozi wa chama chake cha UKIP ili aelekeze nguvu zote kwenye jimbo la Buckingham. Mbunge wa jimbo hilo alikuwa John Bercow, Spika wa Bunge. Kwa desturi ya Waingereza, vyama vikubwa havisimamishi mgombea dhidi ya Spika, hivyo mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo kwa chama kidogo. Jimbo lenyewe lilikuwa na vijiji vingi vilivyotawanyika. Mtu mwenye chama kidogo na vijiji vingi anataka kuonekana kote kwa siku moja, na angani ndiko pa kuonekanea. Sisi tuliokulia kwenye kampeni za chopa tunalielewa hilo bila kuelezwa. Mlio wa chopa ukisikika, kijiji kizima kinatoka nje.

Maandishi ya bango yalimtaka mwananchi aipigie kura nchi yake, aipigie kura UKIP. Kwa Kiingereza chake yalikuwa na herufi 26. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu katika kazi hii herufi ni mzigo. Kila herufi inayoongezwa ni kitambaa kingine kinachopigana na upepo, na ndege ndiyo inayolipa.

Ndege yenyewe ilikuwa PZL-104 Wilga, iliyotengenezwa Poland. Wilga kwa Kipolishi ni jina la ndege wa manyoya, yule wa rangi ya manjano ya dhahabu. Ya chuma iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1962. Ukiiona hutaisahau: miguu mirefu iliyopinda kama ya panzi, bawa moja refu lililokaa juu ya kichwa cha rubani, injini ya duara yenye nguvu za farasi 260, na nyuma kiwiliwili kinachochongoka ghafla kuwa bomba jembamba linaloshika mkia. Iliundwa kwa kazi za shamba na za vilabu vya anga: kuvuta glaida, yaani ndege zisizo na injini, kubeba wanaoruka kwa miavuli, kutua kwenye viwanja vifupi vya nyasi. Inaweza kuruka polepole sana bila kuanguka. Kwa kuvuta bango ni chaguo zuri, na sioni sababu ya kuilaumu ndege.

Kilichotokea kinaelezeka kwa sentensi moja. Bango lilinasa kwenye mkia, likaulazimisha uelekeo wa ndege kwenda chini, na ndege ikapiga ardhi kwenye kiwanja kile kile ilipokuwa ikifanyia kazi. Ndivyo walivyoeleza AAIB, kitengo cha Uingereza kinachochunguza ajali za ndege, ambacho kwa mujibu wa kanuni zake kinatafuta sababu ili ajali isirudiwe, na hakigawi lawama.

Farage alitoka kwenye mabaki akiwa na suti yake, damu usoni, akishikiliwa na watu waliokimbilia pale. Picha hiyo ilizunguka dunia kabla vituo vya kura havijafungwa. Taarifa za mwanzo zilisema ameumia kidogo. Haikuwa hivyo. Mfupa wa kifua ulivunjika, mbavu zilivunjika, na pafu moja lilitoboka. Alipelekwa hospitali ya Horton mjini Banbury, kisha akahamishiwa John Radcliffe, Oxford. Mgongo uliendelea kumsumbua miaka kadhaa baadaye. Rubani aliumia zaidi yake. Moto haukuwaka, na kwa ndege iliyoanguka kwa pua ikiwa na petroli, hilo peke yake lilitosha kuamua nani anaishi.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana bila kuielewa, sentensi ile ya "bango lilinasa kwenye mkia" inasikika kama bahati mbaya tu.

Kwa kawaida ndege hairuki na bango lake. Bango hulazwa kwenye nyasi likiwa limenyooshwa urefu wote. Herufi ni za kitambaa chepesi cha nailoni, mara nyingi zina kimo cha kama mita moja na nusu, zimeunganishwa kwa vijiti ili zisikunjamane. Mbele ya herufi ya kwanza kuna mti mmoja wa kusimamisha bango, wenye uzito upande wa chini ili maandishi yasipinduke angani. Kutoka kwenye mti huo inatoka kamba ndefu, na mwisho wa kamba kuna kitanzi. Kitanzi hutundikwa juu ya nguzo mbili zilizosimamishwa kwa kuachana, mfano wa kamba ya kuanikia nguo.

Rubani huruka na ndege tupu. Akiwa angani anaachia kulabu, chuma chenye meno kama nanga ndogo ya mtumbwi, nacho kinaning'inia nyuma ya mkia kwa kamba fupi. Anazunguka, anaikabili mistari ya zile nguzo, anashuka hadi karibu kabisa na nyasi. Akizifikia anavuta usukani kwake na kufungua injini mpaka mwisho. Pua inapanda juu. Kulabu iliyokuwa nyuma inabembea chini, inapita katikati ya nguzo, inadaka kitanzi. Hapo ndege inapanda kwa mwinuko mkali, na bango linabanduka kwenye nyasi herufi moja baada ya nyingine, kama mkeka unaoinuliwa kwa ncha moja.

Mwinuko huo mkali una sababu. Ndege ikienda sambamba na ardhi, mzigo wote utavutwa kwa mpigo mmoja na kusugua nyasi. Kitu kitakatika au ndege itasimamishwa kwa nyuma. Ukipanda juu, mzigo unaongezeka taratibu. Lakini kupanda huko kunakula mwendo, na mwendo ndio unaoziwezesha mbawa kubeba. Kwa hiyo kuna sekunde chache ambazo ndege iko chini, pua iko juu, mwendo unapungua, na mzigo unazidi kuongezeka. Mbawa zikikosa hewa ya kutosha zinaacha kubeba. Marubani huita stoli. Rubani wa bango anaishi jirani na stoli kila anapodaka kitanzi, na hata akishanyooka bado anaenda polepole, mara nyingi kilomita 80 hadi 100 kwa saa, mwendo wa daladala kwenye barabara nzuri.

Stoli ndiyo hatari inayozungumzwa zaidi, na ndiyo watu wanayoifanyia mazoezi. Ya Hinton ilikuwa nyingine.

Turudi mkiani. Watu wengi hudhani mkia wa ndege umewekwa nyuma ili kuielekeza kushoto na kulia, kama usukani wa jahazi. Lile pezi lililosimama ndilo linalofanya hivyo. Lakini kuna yale mabawa mawili madogo yaliyolala, na kazi yao ni kubwa kuliko yanavyoonekana. Ndege nyingi zimepangwa hivi kwamba uzito wake uko mbele kidogo ya mahali mbawa kubwa zinaponyanyua. Ikiachwa hivyo, pua ingeanguka muda wote. Kinachoizuia ni mabawa madogo ya mkiani, ambayo husukuma hewa ili mkia ukandamizwe chini na pua ibaki juu. Mfikirie mtu anayebeba ndoo kwenye mti begani, ndoo mbele, mkono wake ukikandamiza mti nyuma. Mkono ukiteleza, ndoo inakwenda chini.

Ukingo wa nyuma wa mabawa hayo unacheza juu na chini, nao huitwa elevata. Rubani akivuta usukani, elevata inapanda, mkia unashuka, pua inainuka. Hiyo ndiyo njia kuu aliyonayo ya kuiamuru pua.

Kitambaa kikijifunga pale, mambo matatu yanaharibika kwa wakati mmoja. Hewa haipiti tena vizuri juu ya mabawa ya mkia, kwa hiyo ule ukandamizaji unapungua au unapotea. Elevata inaweza kukwama, na rubani akivuta usukani hapati jibu, au anapata nusu ya jibu. Halafu kuna uzito na upinzani wa hewa wa kitambaa chenyewe kwenye ncha ya ndege, mahali ambapo kilo chache zina nguvu kubwa kwa sababu ziko mbali na katikati. Likizidi lile la kwanza, mkono umeteleza kwenye mti. Pua inakwenda chini, na rubani anavuta usukani unaogoma.

Urefu kutoka ardhini ungekuwa mkubwa, kungekuwa na la kufanya: kupunguza injini au kuongeza, kujaribu mwendo tofauti, kutikisa ndege mpaka kitambaa kiachie. Kwenye kazi ya bango urefu huo haupo. Kitu kikiangushwa kutoka mita 90 kinafika chini kwa sekunde 4 na ushei. Ndege inayoshuka kwa pua haianguki kama jiwe hasa, lakini hesabu hiyo inakupa picha ya muda aliokuwa nao mtu wa kufikiri.

Kitambaa kinafikaje mkiani, ilhali kimefungwa nyuma? Hili huwashangaza watu, nami lilinishangaza mwanzoni. Kamba iliyonyooka haifiki. Kamba iliyolegea inafika. Kulabu ikigonga ardhi au nguzo inaweza kurushwa juu na kutua kwenye mkia. Rubani akimaliza kupanda na kushusha pua haraka ili arudishe mwendo, mvuto kwenye kamba unapungua kwa nukta moja, na kile kilichokuwa kimekazwa kinalegea na kucheza. Upepo wa propela nao unapiga moja kwa moja kuelekea mkiani. Ndege iendayo polepole, kitambaa kirefu, kamba inayobembea: havihitaji muda mrefu kukutana.

Na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Ndege ya kuvuta bango ina kishikizo cha kuachia. Rubani akikivuta, ndoano iliyoko mkiani inafunguka na kamba yote inaondoka, na bango na kulabu pamoja. Ni kifaa kizuri na kimeokoa marubani. Bango likizidi uzito, unaachia. Injini ikikohoa, unaachia. Ndege ikikaribia stoli, unaachia. Mwanafunzi wa kazi hii anafundishwa kwamba mkono wake usiwe mbali na kishikizo hicho, na akiona shaka avute kwanza, aulize baadaye.

Lakini kishikizo kinafungua ndoano. Kitambaa kilichojiviringisha kwenye bawa la mkia hakishikiliwi na ndoano. Kinashikiliwa na upepo unaokikandamiza na mikunjo yake yenyewe. Ukivuta kishikizo, kamba inaachia pale ilipofungwa, na kitambaa kinabaki pale kilipojifunga. Kuna hata uwezekano wa kuharibu zaidi, kwa sababu ile kamba iliyokuwa ikikivuta nyuma ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kukichomoa. Kwa hiyo rubani aliyefundishwa vizuri, mwenye kishikizo kinachofanya kazi, anaweza kufanya kila alichofundishwa na ndege ikaendelea kushuka.

Kifaa cha dharura kilitengenezwa kwa ajili ya mzigo ulio nyuma ya ndege. Mzigo ukishakuwa juu ya ndege, hakuna kifaa. Ndiyo maana naamini kisa cha Hinton kiliamuliwa kwa sehemu kubwa kabla ya magurudumu kuacha ardhi, katika maswali ya kawaida kabisa: kamba imelazwaje, kulabu inaning'inia umbali gani kutoka mkiani, nani anatazama kutoka chini, na nani anakaa kiti cha pili.

Swali la kiti cha pili linaniuma kuliko yote. Nasema wazi kwamba haya ni maoni yangu, si maneno ya wachunguzi. Farage hakusababisha bango kunasa. Angekuwa amelala nyumbani kwake, bango lingeweza kunasa vilevile. Tofauti ni kwamba asingevunjika kifua. Katika kudaka bango, abiria hana kazi. Hawezi kuuona mkia vizuri kuliko rubani, hawezi kuvuta kishikizo kwa niaba yake. Anachoongeza ni uzito, kwenye safari ambayo kila kilo inahesabiwa kwa herufi.

Na anaongeza kitu kingine kisichopimika kwa kilo. Mwenye bango akiwa pembeni yako, siku ya kura, wapiga picha wakisubiri chini, kusema "leo tuache" kunakuwa kuzito. Sijui rubani yeyote, wala dereva yeyote wa basi, ambaye hajawahi kuhisi macho ya mwenye mali shingoni. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa Hinton. Nasema utaratibu mzuri haumwachii rubani apambane na macho hayo peke yake. Unayaondoa kwenye ndege.

Wamarekani, ambao wana ndege nyingi za mabango kwenye fukwe zao, wameliweka jambo hili kwenye taratibu. Kanuni yao ya 91.311 inakataza ndege ya kiraia kuvuta kitu kisichokuwa glaida bila kibali maalumu cha mamlaka ya anga, na masharti yanayoendana na kibali hicho yanataka ndani ya ndege wawemo wafanyakazi wa lazima tu. Abiria hamo. Nikisoma sharti hilo naona wazi kwamba kuna watu walilala hospitali, au zaidi ya hospitali, kabla halijaandikwa.

Jambo jingine ni macho. Rubani wa Wilga anakaa mbele, mkia uko nyuma yake kwenye lile bomba jembamba, na wakati wa kudaka kitanzi macho yake yako kwenye nguzo na kwenye kipimo cha mwendo. Ndege za kuvuta glaida huwekewa vioo ili rubani aone anachovuta. Kioo kinasaidia, ingawa katika sekunde zile hakuna wa kukitazama. Mtu mmoja aliyesimama pembeni ya nguzo, mwenye redio mkononi na asiye na kazi nyingine, anauona mkia wote dhidi ya anga. Yeye ndiye anayeweza kusema kulabu imegonga kabla kitanzi hakijadakwa, wakati bado kuna la kufanya: kunyoosha ndege, kupanda na ndege tupu, kutua, kupanga upya. Asiwe mpiga picha, asiwe kiongozi wa kampeni, asiwe yule anayekimbia kunyoosha herufi zilizokunjamana.

Kura za Buckingham zilihesabiwa. Bercow alipata asilimia 47.3. Wa pili alikuwa John Stevens, mgombea binafsi, kwa asilimia 21.4. Farage alikuwa wa tatu, asilimia 17.4. Novemba mwaka huo huo alirudi kukiongoza chama chake, na yaliyofuata hadi 2016 yanajulikana. Kuingia Bunge la Westminster kulimchukua hadi Julai 2024, kupitia jimbo la Clacton.

Kwenye fukwe zetu na viwanja vyetu vya mpira, mtu mwenye ndege ndogo na wazo la tangazo hatakosa kutokea, na mgombea mwenye fedha hatakosa kumtafuta. Anayepanga kazi kama hiyo aanze na mtu wa redio, amweke mahali anapouona mkia tangu ndege inapogeuka mpaka bango liwe limenyooka lote nyuma. Akague kulabu ikiwa inaning'inia, ndege ikiwa bado tupu na iko juu. Akubaliane na rubani, kabla ya kuwasha injini, kwamba kulabu ikigusa chochote kisichokuwa kitanzi, jaribio hilo limekwisha na hakuna wa kuuliza kwa nini. Kiti cha pili kiende kitupu. Mgombea asimame chini, nyuma ya kamba ya usalama, alisome jina lake likipita.